Kamio imebadilishwa filta, sasa haiwaki: pompi ya mkono, demarere, bidoni au mteremko?

Simamisha Benz ya zamani kando ya barabara pale Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, filta zikiwa zimeshafunguliwa, na kabla hujapangusa mikono utakuwa umepata washauri. Mmoja atasema uzungushe tu, itashika. Mwingine atataka mtu apande juu ya kabini na bidoni (dumu). Wa tatu ameshaanza kuita vijana wa kusukuma, maana Bukavu mteremko hauko mbali. Kila mmoja ameshuhudia njia yake ikifaulu, ndiyo maana hakubali kushindwa. Ni kweli karibu kila njia hufaulu siku fulani. Zinatofautiana kwa kile zinachokula: batri, demarere (starta), pompi, au miguu ya mtu.

Niseme mapema ninaposimama. Kama pompi ya mkono ya kamio (lori) yako inafanya kazi, anzia hapo, usianzie kwingine. Njia nyingine ni za siku ambayo pompi hiyo imekufa, na hata siku hiyo haziko sawa.

Mazutu (dizeli) hutoka kwenye tangi, huvutwa na pompi ndogo, hupita kwenye filta, huingia kwenye pompi kubwa ya kusukumia, kisha hupita kwenye tuyo (mabomba) nyembamba za chuma mpaka kwenye enjektere, yaani nozeli zinazoyanyunyiza ndani ya silinda. Ukifungua filta, mahali palipokuwa na mafuta panaingia hewa. Mafuta hayabaniki kirahisi, hewa hubanika. Enjektere za injini kama ile ya Benz 911 au 1113 hufunguka msukumo unapofika bar 200 hivi. Pompi kubwa ikikuta hewa kwenye tuyo, inaibana, hewa inajikunja, halafu inajinyoosha tena, na enjektere haijafunguka. Ndiyo sababu injini inazunguka vizuri, batri ni nzima, na bado haiwaki.

Angalia egzosi wakati mwenzako anazungusha. Moshi mweupe ukitoka, mazutu yanafika kwenye silinda na umekaribia. Usipotoka moshi wowote, hakuna kinachofika, na kuendelea kuzungusha ni kuchoma batri bure. Na kabla ya yote hayo, tazama waya wa kuzimia. Kwenye kamio nyingi za zamani injini huzimwa kwa kuvuta kishikio ndani ya kabini. Kikibaki kimevutwa, unaweza kutoa hewa mpaka jioni na usipate kitu.

Jua kwanza una pompi ya aina gani

Uchaguzi wote unategemea hapa. Pompi ya mstari ni ndefu, imelala ubavuni mwa injini, na tuyo zake zinatoka juu zimepangana. Ndiyo iliyo kwenye Benz za zamani na kwenye malori mengi makubwa ya miaka ile. Shafti yake hulainishwa na mafuta ya injini, kwa hiyo huvumilia kidogo ikizungushwa bila mazutu, ingawa pistoni zake ndogo bado hulainishwa na mazutu yenyewe.

Pompi ya duara ni fupi, na tuyo zinatoka nyuma zimezunguka kichwa chake. Utaikuta kwenye Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, na kwenye Bedford na magari mengine yenye pompi ya CAV. Hii hulainishwa na mazutu peke yake, ndani yote. Ukiizungusha kavu kwa muda mrefu, vyuma vinasuguana bila kitu katikati, na nafasi kati ya vyuma hivyo ni maikroni chache tu. Mwenye pompi ya mstari anaweza kubahatisha kidogo. Mwenye pompi ya duara hana nafasi hiyo.

Pompi ya mkono

Kwenye Benz iko juu ya pompi ndogo ya kuvutia, ina kichwa cha kushika kwa vidole: unakifungua kwa kukizungusha, unakivuta juu na kukishusha. Kwenye Land Cruiser iko juu ya filta, unaikandamiza kwa kiganja. Kwenye Bedford ni kijiti cha chuma ubavuni mwa pompi ndogo. Kijiti hiki kina ujanja wake: kikiwa chepesi na hakisukumi kitu, mara nyingi pompi haijafa, ni kemu ya injini imesimama mahali inapokizuia. Zungusha injini kidogo tu, jaribu tena, kitarudi kuwa na nguvu.

Utaratibu ni kutoka tangini kwenda mbele, bila kuruka. Legeza visi (skrubu) ya hewa juu ya filta, mzunguko mmoja au mbili zinatosha. Piga pompi. Kwanza kitatoka kishindo cha hewa, kisha povu, kisha mazutu yenye vipovu vikubwa, halafu mazutu safi yasiyokatika. Kaza visi wakati mazutu bado yanatoka, si baada ya kuacha kupiga, la sivyo hewa inarudi kwa mlango uleule. Kama filta ni mbili na kila moja ina visi yake, anza na ile inayopokea kwanza. Kisha nenda kwenye visi ya pompi kubwa, ufanye vilevile.

Ukishakaza yote endelea kupiga mpaka mkono uhisi ugumu. Kwenye pompi nyingi za Bosch za mstari utasikia valvu ya kurudishia mafuta ikitoa mlio mwembamba. Mlio huo ni habari njema. Rudisha kichwa cha pompi ya mkono na ukikaze. Wengi hukiacha wazi kwa haraka ya kwenda kuwasha, nacho kinavuja au kinaingiza hewa upya.

Sasa ndiyo zamu ya ufunguo. Ikikohoa bila kushika, hewa iliyobaki iko kwenye tuyo za chuma, na huko pompi ya mkono haifiki. Legeza nati za tuyo mbili au tatu pale kwenye enjektere, nusu mzunguko tu. Kle (spana) ya 17 ndiyo inayotakiwa mara nyingi, zingine ni 19. Mwenzako azungushe mpaka mazutu yaanze kuruka, kisha kaza. Shika kitambaa ukitaka, lakini usiweke kidole kutafuta mahali panapovuja: mazutu ya msukumo ule hupenya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali hata kama linaonekana kama tundu la sindano.

Hasara ya njia hii ni jasho, mazutu kumwagika, na muda. Inataka pia mtu asiyeona haya kuuliza, «Papa shofere, nipige tena?» pale ambapo mwenye kamio ameshachoka kusubiri. Zaidi ya hapo sioni kasoro. Haili batri wala haigusi demarere. Tena inakuonyesha kwa macho mahali hewa inapotoka.

Demarere peke yake

Hii ndiyo njia inayopendwa na shofere aliye peke yake, na naielewa. Mvua inanyesha, mikono haitaki kuchafuka, ufunguo uko palepale. Lakini fanya hesabu. Demarere ikizungusha injini mizunguko 150 kwa dakika, pompi ya mstari inazunguka nusu yake, 75. Pompi ndogo ya kuvutia, inayoendeshwa na shafti hiyohiyo, inasukuma mazutu machache sana kila pigo. Filta mbili kubwa zilizofungwa kavu zinaweza kumeza karibu lita moja. Utahitaji mamia ya mapigo kabla mazutu hayajafika hata kwenye mlango wa pompi kubwa, yaani dakika kadhaa za kuzungusha. Demarere haikutengenezwa kwa dakika. Imetengenezwa kwa sekunde: zungusha 10 au 15, ipumzishe dakika nzima au zaidi ipoe, ndipo uguse tena. Ndani yake unapita umeme wa mamia ya ampea, na joto lake halionekani kwa nje mpaka inuke.

Halafu kuna Bukavu yenyewe. Mji uko kwenye mita 1,500 na zaidi, na hewa ya urefu huo ni pungufu kwa takriban 15% kuliko ya pwani. Hewa inayobanwa na injini inapungua, joto la kuwashia mazutu linapatikana kwa shida zaidi, hasa asubuhi ya baridi. Batri iliyochoshwa kwa kuvuta mazutu haitabakiwa na kasi ya kuwasha pale mazutu yatakapofika. Umeme ukiwa umekatika mtaani, hata chaja ya jirani haikusaidii.

Ukilinganisha na pompi ya mkono: demarere inaokoa jasho la dakika chache na inaweka rehani kifaa cha bei. Naikubali mahali pamoja tu, kwenye pompi ya mstari ambayo filta zake zilijazwa kabla ya kufungwa, tena hewa iliyoingia ni kidogo.

Kujaza filta kabla ya kuifunga

Hii si njia kamili, ni msaidizi, lakini inapunguza sana kazi ya pompi ya mkono. Ugumu wake ni usafi. Filta ya kuzungusha ina matundu madogo pembeni na tundu kubwa katikati. Matundu ya pembeni huingiza mazutu machafu, tundu la katikati hutoa yaliyosafishwa. Ukimimina katikati, umepeleka uchafu wa bidoni moja kwa moja kwenye pompi bila kuchujwa, na hapo filta mpya inakuwa pambo. Mimina pembeni, taratibu, usubiri yanywe, uongeze.

Mazutu uliyonunua kwa kadhafi, mchuuzi wa mafuta kando ya barabara, yaache yatulie kwanza, usiku mzima ukiweza. Maji yakiwemo yatakaa chini. Chukua ya juu, yaliyo chini yamwage. Kama huna mazutu unayoyaamini, ni afadhali ufunge filta kavu na upige pompi zaidi. Na kwa magari mapya ya komoni reli, yaani yenye reli moja ya msukumo mkubwa inayolisha enjektere zote, usijaze kabisa ile filta ya mwisho. Watengenezaji wengi wanakataza, na pompi zao hazisamehe hata vumbi.

Bidoni juu ya kabini

Pompi ndogo ya kuvutia ikiwa imechakaa, au tuyo ya kutoka tangini imepasuka mahali usipopaona, bidoni ndiyo mkombozi. Unaiweka juu ya kabini, unaifunga kwa kamba, mpira mmoja unashuka mpaka kwenye mlango wa filta, na uzito wa mazutu unafanya kazi yenyewe. Msukumo wake ni mdogo: mita moja ya urefu haifiki hata sehemu ya kumi ya bar. Ila unatosha kujaza filta na pompi polepole, huku visi za hewa zikiwa zimelegezwa kwa mpangilio uleule.

Naiweka ya pili baada ya pompi ya mkono, na mbele ya demarere, kwa sababu haivunji chochote. Tena ina faida ya uchunguzi. Kamio ikiwaka vizuri kwa bidoni na kuzima ukiirudisha kwenye tangi, umeshajua tatizo liko kati ya tangi na mlango wa filta. Acha kusumbua filta.

Hatari ni moja, nayo ni tabia: watu huwasha nayo, wakafurahi, wakaondoka nayo. Bidoni ya plastiki juu ya kabini, mpira unaopita karibu na egzosi, njia ya kushuka Ngomo kuelekea Kamanyola. Sitaki kuwa kwenye gari linalofuata nyuma. Itumie kuwasha na kufika garaji iliyo karibu, polepole, basi.

Kompresa kwenye tangi

Garaji zenye kompresa hupenda hii: kitambaa kwenye mdomo wa tangi, pua ya kompresa katikati, hewa inasukuma mazutu mpaka mbele. Ni ya haraka kuliko zote. Ni ya kuogopwa pia. Kompresa ya garaji hubeba bar 8 hivi. Chukua tangi lenye ubavu wa sentimita 60 kwa 60: bar moja tu inausukuma ubavu huo kwa nguvu inayozidi tani tatu na nusu. Mishono ya tangi iliyoshika kutu miaka mingi haikuahidi kuhimili hilo. Mwenye mapafu mazuri anaweza kupuliza kwa mdomo kupitia mpira safi na kufanya kazi ileile, ila asimeze. Kama ni lazima kompresa, mdomo wa tangi usizibwe kabisa, hewa ibaki na pa kutokea.

Mteremko

Hapa ndipo Bukavu inapotofautiana na miji ya tambarare, na ndipo ninapobishana na watu wengi. Wanaotetea mteremko wana hoja ya kweli: kamio ikishuka na gia ya pili, injini huzungushwa haraka kuliko demarere inavyoweza, pompi zote mbili zinakimbia, na hewa kidogo iliyobaki inaweza kusukumwa nje. Kwa batri iliyokufa kwenye injini isiyo na hewa, mteremko ni njia nzuri tu.

Kwa hewa kwenye filta, hoja inageuka. Unahitaji sekunde nyingi za kuzunguka, kwa hiyo unahitaji mteremko mrefu. Na kila gia inapotoka au klachi inapokanyagwa, injini inasimama: kompresa ya breki haijazi, chupa za hewa zinaisha kwa kila unapokanyaga breki. Hapo kamio yenye usukani wa msaada inakuwa nzito kama jiwe. Chini ya mteremko kuna nini? Mamalishe, motari (waendesha pikipiki) watatu wamebeba magunia, watoto wanatoka shule. Wakati wa mvua ongeza utelezi. Ikifika chini bila kuwaka, sasa imeziba njia mahali pabaya zaidi kuliko ilipoanzia, na hewa bado imo.

Kwa hiyo kati ya demarere na mteremko, kwa kamio yenye breki za hewa, mimi nachagua demarere ife. Demarere inanunulika.

Petroli kwenye kitambaa mbele ya mdomo wa hewa, au ile dawa ya kupuliza yenye etha, naitaja ili niiondoe mezani. Haitoi hewa kwenye mafuta hata kidogo. Inawasha injini kwa pumzi mbili kisha inazima, kwa sababu mazutu bado hayajafika. Kwa injini yenye plagi za joto au kipasha hewa, inaweza kulipukia ndani ya bomba la hewa na kuvunja kitu, au kuunguza uso wa aliyeshika kitambaa.

Sasa uchague

Una Benz, au Fuso yenye pompi ya mstari, upo mjini na mtu wa pili yupo: jaza filta kama mazutu ni safi, piga pompi ya mkono, ufunguo uje mwisho. Kama pompi ya mkono inavuja kwenye kishikio chake, nunua nyingine kabla hata ya kununua filta. Ni kifaa kidogo na hufungwa kwa dakika chache.

Una Land Cruiser au kingine chenye pompi ya duara: pompi ya mkono mpaka iwe ngumu kabisa, kisha legeza nati za enjektere, uzungushe kwa vipande vifupi. Pompi ya mkono ikifa, nenda bidoni, si demarere.

Uko njiani usiku, peke yako, kabla ya Nyangezi: swali lenyewe ni kwa nini filta ibadilishwe hapo. Kama imeziba na hakuna budi, badilisha moja tu kati ya mbili kama mpangilio wa kamio unaruhusu, ili hewa inayoingia iwe nusu. Ukiwa na hiari, fanya kazi hii jioni injini ikiwa bado na joto, kwa kuwa injini ya moto hushika mapema kuliko iliyolala kwenye baridi.

Ikishawaka usikimbilie kukanyaga. Itatetemeka, itakosa silinda moja au mbili, itatoa moshi. Ishike kwenye mzunguko wa wastani mpaka sauti inyooke. Ikizima baada ya dakika moja au mbili, imemaliza mazutu yaliyokuwa kwenye pompi na bado inavuta hewa mahali fulani. Mara nyingi mahali hapo ni pale ulipogusa: mpira wa zamani wa filta uliobaki umeng'ang'ania juu, mpya ukafungwa juu yake, au washa ya shaba iliyotumika mara nyingi mpaka ikawa ngumu. Kumbuka kwamba upande wa kabla ya pompi ndogo hauvuji kwa nje, unavuta kwa ndani. Utakuwa mkavu kabisa na bado ndio mkosaji. Weka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kati ya tangi na pompi ndogo, washa, uangalie. Vipovu vikipita hapo, tatizo liko nyuma, kuelekea tangi. Visipopita, weka kipande hicho baada ya pompi ndogo, kisha baada ya filta, mpaka uvione.